“Hapa Katikati Ulikuwa Wapi?”

Anayeomba nafasi akiwa na miaka isiyo na ajira kwenye CV yake huliona swali likija kabla halijatamkwa. Msaili anashusha kidole kwenye karatasi, anafika pale tarehe zinaporuka, kidole kinasimama. “Hapa katikati ulikuwa wapi?” Tarehe zangu mimi zinaruka kutoka 2018 hadi 2022. Kabla ya hapo nilikuwa msaidizi wa stoo kwenye kampuni moja ya vinywaji barabara ya Nyerere. Baada ya hapo hakuna jina la mwajiri yeyote mpaka nilipoomba uanagenzi wa friji na viyoyozi, nikiwa na umri wa miaka 31. Nafasi nilipata, mafunzo nimemaliza, na kampuni iliyonifundisha imeniajiri. Tangu watu wa mtaani kwetu Mbagala walipojua, wamekuwa wakinijia na swali moja: uliwajibu nini?

Nilichowajibu nitakieleza, ila kwanza tuangalie swali lenyewe linatoka wapi. Hapa Dar es Salaam, mtu mzima asiye na maelezo ya miaka minne hudhaniwa mambo matatu. Alikuwa ndani. Au alikuwa anatumia unga. Au alifukuzwa kazi kwa wizi na hataki bosi wake wa zamani apigiwe simu. Hakuna msaili atakayekutamkia hayo usoni, lakini ndiyo yanayopita kichwani mwake, na ana haki ya kuyafikiria. Kampuni ya viyoyozi inamwingiza mwanagenzi wake vyumbani mwa watu. Leo yupo hotelini Masaki, kesho yupo kwenye chumba cha kulala cha mteja Mikocheni, saa na simu ziko mezani, na mwenye nyumba ameenda kazini kamwacha na dada wa kazi. Begani amebeba mabomba ya shaba, na kila fundi anajua shaba inanunuliwa kwa bei gani kwenye vyuma chakavu. Aliyekaa upande wa pili wa meza hababaishwi na ule uwazi kwenye karatasi. Anataka kujua kama yupo mtu yeyote anayekufahamu wewe wa miaka hiyo. Kwa hiyo jibu zuri peke yake halitoshi. Lazima uende na mashahidi.

Hadithi yangu haina cha ajabu. Mwaka 2018 mama alipata kiharusi. Upande wa kulia ulilala, maneno yakawa hayatoki. Alilazwa Muhimbili, aliporuhusiwa tukaanza kliniki ya mazoezi ya viungo. Dada yangu ameolewa Mtwara na ana watoto wadogo, mdogo wetu alikuwa bado sekondari. Shangazi alishauri tutafute binti wa kumwangalia. Lakini mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, la sivyo anachubuka na kupata vidonda vya mgongo. Kumwinua mama yangu kumpeleka kwenye kiti kulihitaji nguvu ambayo binti wa miaka kumi na nane hana. Kumwogesha walimwogesha mama mdogo na majirani wanawake, Mungu awalipe. Kumbeba, kumlisha, dawa za presha, mazoezi ya mkono na mguu, bajaji ya kwenda kliniki, hayo yalikuwa yangu. Nikaandika barua ya kuacha kazi, nikafuata taratibu zote za notisi, nikaaga vizuri.

Hilo la kuaga vizuri lilikuja kunisaidia, nami ninamsisitizia kila anayefikiria kuacha kazi kwa sababu ya mgonjwa: usipotee tu. Mwajiri ambaye umemwaga anaweza kuulizwa habari zako baada ya miaka minne akazisema bila kinyongo.

Mama alianza kutembea na mkongojo mwishoni mwa 2019. Kwa wengi wetu huu ndio wakati mgumu zaidi kuueleza kuliko ule wa ugonjwa, kwa sababu sababu ya heshima imeisha na kazi bado hakuna. Nilianza kupeleka barua mapema 2020. Machi mwaka huohuo korona ikafika nchini, shule zikafungwa, watalii wakaacha kuja, hoteli na maghala yakaanza kupunguza watu badala ya kuongeza. Kijana niliyekuwa nikisifiwa kwa kumuuguza mama nikaanza kuonekana kijana anayekaa nyumbani kwa mama.

Friji yetu ilipoacha kugandisha nilimwita fundi mwenye kibanda Rangi Tatu. Nilimshikia tochi, nikamwuliza maswali, akanijibu yote. Kesho yake nilipita kibandani kwake kumsalimia. Nikawa saidia fundi. Hakukuwa na mkataba wala mshahara. Siku yenye kazi tunagawana, siku isiyo na kazi tunapiga soga na kufungua kompresa mbovu, zile pampu zinazosukuma gesi kwenye friji, kuangalia zilichokufa nacho. Nimeshika geji ya kupimia presha ya gesi kwa mara ya kwanza pale. Nimejifunza kuchomelea shaba bila kuitoboa, kupiga vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu kutoka kwenye mabomba, kabla ya kuchaji gesi, kutafuta uvujaji kwa povu la sabuni. Ilikuwa shule, na mwalimu wangu hajawahi kukaa darasani kwa ajili ya kazi hiyo hata siku moja.

Nilipoona tangazo la uanagenzi nilienda steshenari ya Zakhem kuchapisha CV. Kijana anayechapa alisoma tarehe zangu akaniangalia kwa huruma ya kweli.

“Bro, hii ya stoo tuivute mpaka 2022. Tunaunganisha tu. Nani atajua?”

Alimaanisha kunisaidia, na watu wengi wamesaidiwa hivyo. Nilimwambia aache zilivyo. Sababu ya kwanza ni ya dini na malezi, hiyo kila mtu ana yake. Sababu ya pili ni ya kazi yenyewe. Michango ya NSSF inarekodiwa mwezi kwa mwezi pamoja na jina la mwajiri aliyeichangia, na ukiajiriwa mahali papya namba yako ni ileile. Mwezi wa mwisho niliochangiwa unaonekana, hauvutiki. Simu ya mdhamini nayo inapigwa. Halafu uanagenzi haufanani na kibarua cha wiki mbili. Unakwenda kukaa na fundi mmoja miaka, mnakula pamoja, mnapanda ngazi pamoja, mnasimuliana maisha. Tarehe uliyoitunga siku ya kwanza utalazimika kuitunza kila siku mnapokaa kula. Kwa nini mtu ajitwishe hilo ilhali ukweli wenyewe hauna aibu?

Basi nikaanza kukusanya mashahidi.

Nilianza kwa mwajiri wa zamani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma. Wengi hawapewi kwa sababu hawaombi, na wengi hawaombi kwa sababu hawajui kwamba kipo. Mimi sikuwa nimepewa. Nilipiga simu kwanza, kisha nikaenda, nikamkuta mama wa utumishi yuleyule.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Eeh, mwanangu, mgonjwa wetu anaendeleaje?”

Alikumbuka. Nikamweleza kilichonileta, akaniambia nirudi wiki inayofuata, na nilipoenda nilikuta karatasi yenye mhuri: jina langu, kazi niliyofanya, tarehe ya kuanza na ya kuacha. Ni karatasi fupi, ila inafuta dhana ya wizi kuliko maneno yoyote niliyoweza kusema mwenyewe. Palepale nikamwomba aliyekuwa mkubwa wangu wa stoo awe mdhamini, nikamweleza naomba nini na wapi, ili simu ikipigwa isimkute hajui kinachoendelea. Mdhamini asiyejua kuwa ameandikwa huanza kwa kusema “nani?”, na hilo “nani?” linaweza kukuharibia kila kitu.

Shahidi wa pili alikuwa serikali ya mtaa. Barua ya utambulisho tunayoizoea inasema mtajwa hapo juu ni mkazi wa mtaa huu, apewe ushirikiano. Inatosha kwa laini ya simu au akaunti ya benki. Kwa mtu mwenye miaka isiyo na ajira haitoshi, na hakuna kinachokuzuia kuomba iongezwe sentensi moja. Nilipita kwa mjumbe kwanza, kama kawaida, akanipa karatasi ya kwenda nayo kwa mtendaji. Mtendaji nikamwomba kwa adabu: kama anaona ni kweli, aandike kwamba kati ya 2018 na 2022 nilikuwa naishi hapa mtaani na nilikuwa nikimuuguza mama yangu. Aliniuliza maswali mawili matatu, akampigia mjumbe, akaandika. Kwa sentensi ile nikawa na ofisi ya serikali inayosema sikuwa gerezani wala vijiweni, bila neno gerezani wala vijiweni kutajwa.

Karatasi za hospitali nilizibeba kwenye bahasha lakini sikuziambatanisha. Huu ni msimamo wangu na wengine wanaupinga. Ugonjwa ni wa mama, si wangu kuutembeza maofisini. Nilimwomba ruhusa kabla hata ya kuutaja ugonjwa wenyewe kwenye barua. Alinijibu taratibu, maneno yakitoka moja moja kama ilivyo siku hizi, “Sema, baba. Ni kweli.” Kadi ya kliniki ingetolewa kama wangeitaka. Hawakuitaka.

Wa tatu ndio walionisumbua: mashahidi wa kibandani. Fundi wangu hana barua yenye nembo, hana mhuri, hana leseni ya biashara ukutani. Vijana wengi wa Dar wana kipande kama hiki maishani, miaka ya gereji, ya saluni, ya kushona, ya kuuza duka la mjomba, na kwenye CV wanaacha patupu kwa sababu hawakuwa na mkataba. Huwa nasikitika nikiziona CV hizo, maana mtu ameacha nje kitu pekee kinachoonyesha anaiweza kazi anayoiomba. Mimi niliandika hivi: “2020–2022: Msaidizi wa fundi wa friji, Mbagala Rangi Tatu. Kubadilisha kompresa na thamostati, kuchomelea mabomba ya shaba, kupiga vakyumu na kuchaji gesi, kutafuta uvujaji.” Neno karakana sikuliweka, maana ni kibanda. Cheo cha fundi sikujipa, maana nilikuwa msaidizi. Kila nilichoandika ningeweza kukifanya mbele yao siku hiyohiyo.

Kwa ushahidi nilikuwa na picha kwenye simu, kila picha na tarehe yake, za kazi tulizofanya. Na nikaweka namba za watu wawili. Mmoja ni fundi mwenyewe. Wa pili ni mwenye bucha ambaye friza lake lilikufa kompresa baada ya umeme kukatika na kurudi kwa nguvu, nyama ikiwa imejaa. Tulikesha naye. Nilimfuata bucha, nikamweleza, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba wampigie hata saa nane za usiku. Nilikuja kujua baadaye kwamba walimpigia kweli, na kwamba maelezo yake yalikuwa marefu kuliko ya mdhamini wa kwanza mwenye ofisi.

Niseme kidogo kuhusu njia nyingine, maana huwa naulizwa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa mafundi waliojifunza kazini bila kupita chuoni. Wanakupima kwa kazi yako, wanakupa mafunzo ya kuziba pale ulipopungukiwa, kisha unapata cheti. Fundi mwenye miaka kumi mtaani simshauri aende kuanza uanagenzi na vijana wa kidato cha nne. Hiyo ya urasimishaji ndiyo njia yake. Mimi nilichagua uanagenzi kwa sababu kibandani tulikuwa na friji za nyumbani na mafriza ya maduka, basi. Viyoyozi vya inveta vyenye bodi za umeme, mifumo mikubwa ya maghorofa ya Posta, sikuwahi kuvigusa na nisingeweza kuvijua pale. Nyingine ni umri. Sera yetu ya vijana inamhesabu kijana kuwa ni wa miaka 15 hadi 35, na programu nyingi za mafunzo zinazogharamiwa na serikali zinafuata mpaka huo. Ukiwa na 31, 32, soma tangazo vizuri mpaka mwisho kabla hujakata tamaa, na kabla hujachelewa.

Kuna jambo ambalo mtu aliyekaa nje ya ajira analazimika kulifanya na aliyeko kazini halazimiki: kujua nini kimebadilika wakati hayupo. Kwenye fani yetu kimebadilika gesi ya kupoozea. Viyoyozi vingi vya zamani vinatumia R22, ambayo inaharibu tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 nchi zinazoendelea zinaipunguza kwa hatua, ili ifikapo 2030 iwe imeondoka karibu yote. Iliyofuata ni R410A, ambayo haigusi ozoni lakini presha yake iko juu zaidi, kwa hiyo geji na hozi za R22 hazifai. Kisha ikaja R32, ambayo inaweza kushika moto, ingawa kwa shida. Friji nyingi mpya za nyumbani zinatumia R600a, na hiyo inawaka kirahisi. Ukitaka kuchomelea bomba lenye mabaki yake bila kuyatoa kwanza, unacheza na maisha. Haya yote sikuyapata kwa kozi. Kila friji na kila kiyoyozi kina lebo inayotaja aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. Nilikuwa nasoma lebo, naandika kwenye daftari, usiku naitafuta kwenye simu. Nilitaka yeyote atakayeona miaka yangu minne aone pia kwamba kazi yenyewe haijaniacha nyuma.

Barua ya maombi ilikuwa ukurasa mmoja. Kipande cha miaka ile kilichukua sentensi tatu, nami nazinukuu kama zilivyokuwa: “Mwaka 2018 niliacha kazi ili kumuuguza mama aliyepata kiharusi. Sasa anatembea na anajihudumia. Tangu 2020 nimekuwa msaidizi wa fundi wa friji Rangi Tatu, na huko ndiko nilikoamua kuwa hii ndiyo kazi ninayotaka kuifanya maisha yangu yote.”

Ya katikati ndiyo wengi wanaisahau. Ukisema ulimuuguza mzazi ukaishia hapo, mwajiri anakusikitikia, halafu anajiuliza: je, baada ya miezi mitatu atatuaga tena? Mwambie hali ikoje leo. Nimesoma barua za ndugu na jirani ambazo nusu ukurasa ni mateso: baba alifariki, ada ikakosekana, mjomba akatunyang’anya nyumba, hivyo naomba mnifikirie. Najua machungu hayo ni ya kweli. Lakini anayesoma anatafuta mtu wa kumpandisha kwenye ngazi ghorofa ya tatu akiwa ameshika yuniti ya nje, na machungu hayamwambii kama mkono wako unatetemeka. Anaweza kukusomea barua yote, akakuonea imani, akamchukua mwingine.

Siku ya usaili walikuwa wawili, mama wa rasilimali watu na fundi mkuu, mzee mwenye mvi aliyekaa kimya sehemu kubwa ya mazungumzo. Kidole kikashuka kama nilivyotarajia.

“Kijana, hapa katikati?”

Nikasema zile sentensi tatu, karibu neno kwa neno, nikanyamaza. Kunyamaza huko nilikuwa nimekufanyia mazoezi, kwa sababu nikiwa na wasiwasi huwa naongeza maneno, na maelezo yakizidi yanaanza kunuka kama utetezi. Mama akaniangalia.

“Na sasa hivi, nani anakaa na mama?”

“Mama mdogo amehamia kwetu. Na mdogo wangu amemaliza shule, yupo.”

“Wewe ndiye ulikuwa unamuuguza? Mwanaume?”

“Ndiyo, mama. Kwetu ndiye mimi niliyekuwa na nguvu za kumwinua.”

Akafungua barua ya mtendaji, akaisoma, akaiweka juu ya cheti cha utumishi, akaendelea na mambo mengine. Suala la miaka minne liliishia pale. Nilikuwa nimejiandaa kwa saa nzima ya kuhojiwa.

Fundi mkuu ndiye aliyechukua muda. Hakuniuliza nilikuwa wapi, aliniuliza nilikuwa nafanya nini kibandani. Kompresa ikiwa inavuma lakini haisukumi, unaanzia wapi? Kwa nini unapiga vakyumu? Mteja ana kiyoyozi cha R22 kimevuja, anataka umjazie R410A kwa sababu ndiyo aliyoiona dukani, utamjibuje? Nikamjibu kwamba nitamkatalia, kwa sababu presha na mafuta ya kompresa havilingani, kompresa itakufa na pengine bomba kupasuka. Akauliza hilo nimejifunzia wapi. Nikatoa daftari. Akalipekua kurasa nyingi, akanionyesha mahali nilipoandika uzito wa gesi bila kutaja urefu wa bomba, akanieleza kwa nini bomba refu linadai gesi ya ziada. Alinifundisha palepale kwenye usaili, na moyoni nikasema huyu mzee hata wasiponichukua nimeshafaidika.

Miezi kadhaa baada ya kuanza nilimwuliza kwa nini walinichukua mimi na walikuwepo vijana waliotoka chuoni moja kwa moja. Alisema aliyemgeuza mgonjwa usiku kwa mwaka mzima hatalala zamu. Kisha akaongeza kwamba hata hivyo wasingenichukua bila ile simu ya bucha.

Uanagenzi wenyewe siwezi kuusifia tu. Posho ni ndogo kuliko nilichokuwa napata stoo, na mwenye familia inayomtegemea ahesabu kwanza nauli ya kwenda kazini na ya siku za chuo. Waliokuwa na mimi wengi walikuwa na miaka kumi na tisa, ishirini, na mwanzoni waliniita mjomba. Wao walinizidi kwenye hesabu za umeme, mimi niliwazidi mkono. Tulisaidiana.

Siku hizi wanaonijia kuuliza wana miaka mitupu ya aina nyingi kuliko yangu. Kuna kijana alitoka gerezani, alijifunza useremala humohumo, akataka kwenda kujifunza zaidi kwenye karakana moja Keko. Yeye shahidi wake hawezi kuwa mtendaji peke yake, maana mtaa mzima unajua alikuwa wapi. Tulikubaliana amwambie mwenye karakana mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu mwingine, na aende na kiti alichokitengeneza kwa mikono yake. Akaenda na kiti. Mwenye karakana alikikalia, akakigeuza, akakagua viungo vyake, ndipo akaanza kuuliza mambo ya nyuma.

Na kuna dada jirani yetu anayeomba mafunzo ya ushonaji kwenye kiwanda cha nguo. Ana miaka mitano ya kulea watoto wawili, na mtu fulani kamwambia asiwataje watoto kabisa. Sheria ileile ya 2004 inakataza kumbagua mtu kazini kwa sababu ya ujauzito, ndoa au majukumu ya familia, na katazo hilo linamgusa hata anayeomba kazi. Nilimwonyesha kifungu cha 7. Alisema sheria anaishukuru, ila yeye anataka kazi, hataki kesi, na katika hilo naona yuko sahihi. Tukakaa na karatasi yake. Ikaonekana kwamba katika miaka hiyo mitano alikuwa akishona sare za shule kwa fundi cherehani wa Kizuiani kila Desemba na Januari, na hakuwa ameiandika popote. Sasa ipo, mstari wa kwanza. Fundi cherehani amekubali namba yake iwekwe, mtendaji ameandika sentensi yake, na mama mkwe ndiye atakayekaa na watoto siku za mafunzo. Barua anaipeleka Jumatatu.